Watoto ni wa Kushiriki?

Asubuhi ya leo dada wa mapokezi wa hoteli moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja kwa sababu amana yangu iko kwao, ameniuliza: "Mzee wangu, hawa watoto watatu ni wa kushiriki ama si wa kushiriki?"

Kushiriki nini, dada? Kumbe alimaanisha kulala chumba kimoja na sisi wazazi. Watoto wangu hawajawahi kushiriki hata biskuti. Shiru na Kevo wamechora mpaka wa chaki katikati ya kochi, na Kadogo, ambaye bado hajui mambo ya mipaka, anachapwa na serikali zote mbili.

Hafutamu, ile likizo fupi ya katikati ya muhula, inakuja, na Mama Shiru ametangaza kwamba safari hii familia itatoka. Si kwenda ushago, kijijini. Ushago si kutoka, ni kuhamisha kazi, na unarudi na gunia la viazi ambalo hukuliomba. Kutoka, alisema, ni kulala mahali ambapo mtu mwingine anatandika kitanda. Nikasema sawa, nikaomba kalamu.

Tulianza na Mombasa, kama kila mtu. Mimi kichwani bado nilikuwa na bei ya 2017, treni ilipoanza na tikiti ya watu wa kawaida ikawa 700. Mama Shiru akanijulisha kwamba tangu Januari 2024 ni 1,500. Sisi wawili, 3,000. Shiru na Kevo nusu nusu, 1,500. Kadogo hajafika miaka mitatu kwa hivyo ni bure, maana yake ni kwamba atanikalia mapajani kutoka Syokimau mpaka Miritini. Jumla 4,500 kwenda, 4,500 kurudi, na hapo hujafika Mombasa, umefika Miritini. Reli ya siku hizi inaanzia nje ya mji na kuishia nje ya mji. Huku mwanzo unaongeza matatu, kule mwisho unaongeza matatu.

Nikafunika kalamu. Nikasema kwa sauti ya mkuu wa nyumba: tutatembea Nairobi. Mombasa ina bahari, lakini sisi tuna simba. Tuna hifadhi ya mwaka wa 1946, kilomita za mraba 117, ambamo kifaru anakula nyasi huku nyuma yake kuna maghorofa. Wazungu wanapanda ndege usiku kucha kuja kuona kitu ambacho sisi tunakipita tukiwa tumesimama ndani ya basi la Rongai. Usiku mmoja hotelini, siku mbili za kutembea. Nani ana swali?

Hakuna aliyekuwa na swali isipokuwa hoteli.

"Watoto wana miaka mingapi?"

"Saba, mitano kasoro, na miwili."

"Huyo wa mitano kasoro, ni kasoro kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kwa sababu chini ya mitano anakula bure. Lakini kwa upande wa kitanda, kuanzia minne analipa nusu."

Nikamwomba nielewe. Yaani Kevo akiwa mezani si mtu, akiwa kitandani ni mtu?

"Ndivyo mfumo unavyosema, mzee."

Mfumo haumjui Kevo. Kevo akiwa mezani ni watu wawili. Ni kitandani tu ndiyo angeweza kuhesabiwa nusu, maana miguu yote huwa iko mgongoni mwangu. Lakini huo ndio utaratibu wa mji huu, kila mwenye geti ana hesabu yake ya mtoto. Ndani ya matatu, kondakta akitaka kiti mtoto si abiria, "mzazi, pakata huyo"; akitaka nauli, huyo huyo ameshakuwa mtu mzima mwenye majukumu. Penye hela wanakua, penye nafasi wanarudi tumboni.

"Kuingia ni saa nane mchana," akaendelea, "kutoka ni saa nne asubuhi."

Mimi huandika risiti kwenye duka la hadiwea, hesabu haziniponyoki. Saa nane mpaka saa nne ni saa ishirini. Nikamuuliza zile nne zinazobaki huwa zinaenda wapi. Akasema ni za kusafisha. Dada, chumba kimoja saa nne? Mama Shiru anasafisha nyumba nzima, na Kadogo ndani yake, kabla ya taarifa ya saa moja.

Hapo akaniuliza swali lililotuharibia siku.

"Na mnatoka wapi, ili nijue kama ni bei ya wageni ama ya wenyeji?"

"Wenyeji. Nairobi."

"Nairobi sehemu gani?"

"Umoja."

Kimya. Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Umoja hii yetu?"

"Kuna nyingine?"

"Umoja hii ya hapa, ya kupita Donholm?"

"Hiyo."

Kimya tena, halafu sauti ikashuka ikawa ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Pole sana, mzee wangu."

"Pole ya nini?"

"Ni landilodi, sivyo?"

Nikacheka kidogo kumwonyesha kwamba mimi ni mtu wa kucheka. Nikamwambia hapana, dada, ni likizo tu, tunataka watoto wabadilishe mazingira.

"Najua, mzee," akasema. "Watoto huambiwa hivyo. Hata mimi wangu niliwaambia tunaenda kutembea kwa shangazi. Tulikaa miezi miwili. Ngoja niongee na meneja."

Ukaja muziki wa kinanda. Kodi yangu imelipwa. Sijawahi kupitisha tarehe tano, isipokuwa Januari, na Januari haihesabiki kwa mtu yeyote mwenye watoto shuleni. Risiti ninazo kwenye bahasha ya kaki. Nilikuwa nimejipanga kumweleza haya yote kwa utulivu na kwa heshima ya nyumba yangu, mpaka aliporudi akataja bei mpya. Ilikuwa imeshuka karibu thuluthi. Meneja naye alikuwa amewahi kufungiwa nyumba.

Basi nikajikuta naongea kwa ile sauti. Wewe unaijua, ile ya mtu aliyesimama nje ya mlango akiangalia kufuli ambalo si lake. Nikasema, "Asante, dada. Mungu ni mwema."

"Wakati wote," akajibu. "Sasa vitu mmeweka wapi? Kwa sababu sisi hatuna stoo."

"Vitu tumeacha nyumbani."

"Amekubali kuwashikia? Huyo ana utu. Lakini mtungi wa gesi, hata akiwarudishia, hauruhusiwi kupanda juu."

"Hatuji na mtungi."

"Na godoro?"

"Dada, si hoteli yenu ina magodoro?"

"Watu huwa wanakuja nayo, mzee, usione aibu. Na je, ni huo usiku mmoja tu, ama niweke mpaka mwisho wa mwezi?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Kosa la Mama Shiru, aliyetaka kusikia kama kiamsha kinywa kina soseji. Mama Shiru anatoka kwa watu wenye shamba lenye hati, na alikuwa ameshasimama ananyooshea simu mwiko. "Mwambie sisi tuna nyumba! Mwambie!" Nikamfunika mdomo kwa heshima. Shiru akainua macho kutoka kwenye daftari: "Baba, kwani tumefungiwa?" Kevo hakuuliza kitu. Kevo alitafuta viatu, akashuka ngazi.

Ukitaka kutangaza jambo katika ploti yetu huhitaji redio, unamhitaji Kevo. Kabla sijamaliza kutuma amana, Mama Njeri wa mlango wa pili alikuwa amegonga na sukuma wiki iliyokatwa tayari, akaiweka mezani bila neno, akamshika Mama Shiru mkono. Jirani wa chini, ambaye tangu Krismasi ana ngazi yangu ya chuma, aliirudisha. Ilikuwa imepakwa rangi. Mzee wa ghorofa ya tatu alipanda kunishauri niuze televisheni sasa, nisingoje, akauliza kama nitakubali elfu nne.

Kisha akaja msimamizi wa ploti.

Nieleweke vizuri. Maji hayajapanda kwetu tangu Jumanne. Nimempigia, nimemtumia ujumbe, nimemwita kutoka dirishani mpaka watu wa jengo la pili wakaitikia. Jibu lake ni "niko njiani". Taa ya ngazi imekufa tangu Kadogo azaliwe. Lakini leo amesikia tunahama, akafika ghorofa ya nne kabla ya uvumi wenyewe. Hakusalimia. Aliangalia ukuta wa sebule, ambapo Kevo amechora twiga kwa ajili ya maandalizi ya safari, akasema, "Hii mtapaka rangi." Nikamwambia hatuhami. Akasema notisi ni mwezi mmoja, kwa maandishi. Nikamwambia hatuhami, tunaenda kuangalia twiga. Akaangalia twiga wa ukutani, akaniangalia mimi, akaandika kitu kwenye kijitabu. Nikamuuliza maji. Akasema, "Maji ni ya wapangaji wanaokaa."

Hapo heshima ya nyumba iliniisha. Sitarudia niliyosema, watoto walikuwepo, na Shiru sasa analitumia neno moja vibaya.

Basi, mpango wenyewe. Siku ya kwanza ni ndovu yatima kule kwenye hifadhi, ambao hupokea wageni kuanzia saa tano mpaka saa sita na lazima uwe umeandikisha mapema. Saa moja kwa siku! Wanaletewa chupa za maziwa, wanabingirika matopeni, watu wanapiga picha, wanarudi zao. Usiku walezi wanalala nao zizini kuwaamsha wanywe maziwa. Nilimsomea Mama Shiru sehemu hiyo nikitarajia acheke. Aliuliza kama wanaajiri, na kama kitanda kinatandikwa.

Halafu twiga, kwa matatu ya 24. Ulimi wa twiga unakaribia nusu mita na anakulamba chakula kutoka kiganjani. Shiru anataka. Kevo anataka twiga amlambe Shiru. Kutoka Umoja mpaka huko ni kuingia mjini kwanza, kubadilisha gari, na kila gari jipya ni hesabu mpya ya nani anapakatwa. Nimeandika choo katika kila kituo, kwa wino mwekundu.

Siku ya pili ni makumbusho ya reli. Hili nililichagua mimi kwa sababu lina mabehewa na halina kitu cha kulamba. Kuna behewa moja lenye kisa cha mwaka wa 1900. Afisa wa polisi, Mwingereza aliyeitwa Ryall, alilala humo na wenzake wawili katika kituo cha Kima, kwenye reli ya zamani ya Mombasa, wakimvizia simba mla watu. Zamu ya kukesha ikawa yake, usingizi ukamchukua, na simba akaingia ndani akamchukua naye, akatoka kupitia dirishani. Niliwasimulia watoto jana usiku ili waende wakijua historia. Mimi namwelewa kabisa yule bwana, hata mimi zamu yangu ya kukesha na Kadogo huwa naishia hapo hapo. Lakini Shiru alifikiri sana, kisha akauliza, "Walikuwa watatu, simba akachukua mmoja tu?" Nikasema ndiyo. "Kwa nini hakuchukua yule mdogo?" Akamwangalia Kadogo kwa muda.

Kevo sasa anakataa chumba chenye dirisha. Nimepiga simu hotelini kuuliza kama wana chumba kisicho na dirisha na yule dada amesema, kwa upole ule ule, kwamba hicho ni cha bei ya chini zaidi, nisione aibu.

Lile jumba la KICC limefutwa kwenye orodha. Lina ghorofa 28 na juu unaona mji mzima, lakini Kevo ameshasema yeye hataki kuona mji, anataka lifti, juu na chini, mpaka watufunge. Uhuru Park imebaki kama akiba, kwa sababu hapo mtoto anaweza kukimbia bila mtu kuuliza ana miaka mingapi.

Na wakati nakunja karatasi hii mwalimu wa Shiru ametuma ujumbe kwa wazazi. Hafutamu ina kazi ya mikono. Kila mtoto alete, Jumatatu asubuhi, mfano wa soko uliotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa: vizibo, maboksi, na trei mbili za mayai. Tupu. Ule mwingine wa muhula uliopita, wa kisima, nilikesha nao mimi, na mwalimu akaandika "Shiru aongeze bidii". Nimeshuka kwa mama wa kibanda kuomba trei. Zamani alikuwa anazitupa nyuma ya kibanda, mvua inazila. Leo zimepangwa mbele, juu ya nyanya. Inaelekea mwalimu ametuma ujumbe huo kwa ploti nzima.

"Trei moja shilingi ishirini, Baba Shiru."

Trei tupu, mama?

"Lakini wewe nakuachia kumi na tano," akasema, akaniongezea kitunguu kimoja bure. "Nimesikia."