Kutetemeka Kukikutana na Distonia

Kichwa kinachotikisika huku na huku ni dalili rahisi kuiona na ngumu kuipa jina. Mtazame mtu mwenye hali hiyo kwa dakika chache. Pengine bega lake moja limepanda kidogo, kidevu kimeelekea kushoto, na msuli wa shingo upande wa kulia umetuna kuliko wa pili. Mwambie ageuzie uso kulia: kichwa kinatikisika zaidi. Mwambie auache uende kushoto, kule shingo inakotaka: kinatulia. Sasa aguse shavu kwa kidole kimoja bila kusukuma. Mara nyingi kinatulia tena. Hapo daktari mzoefu wa neva ataanza kufikiria distonia, yaani misuli kujikaza yenyewe na kupinda kiungo pasipo hiari ya mwenyewe. Lakini mikono ya mtu huyohuyo nayo inatetemeka anaposhika kikombe, na haijapinda popote. Je, ana ugonjwa mmoja au miwili?

Distonia ilipewa jina na Hermann Oppenheim wa Berlin mwaka 1911. Uhusiano wake na kutetemeka ulisubiri sana kupangiwa kanuni. Mwaka 1998 jopo la kimataifa la wataalamu wa magonjwa ya mwendo lilitenganisha hali mbili: mtetemeko wa distonia, ambapo kiungo kinachotetemeka ndicho chenye distonia, na mtetemeko unaoandamana na distonia, ambapo distonia iko shingoni, kwa mfano, na kutetemeka kuko mikononi. Mtu tuliyemweleza hapo juu ana zote mbili. Mwaka 2013 maana ya distonia ilipoandikwa upya, ilikubaliwa wazi kwamba miondoko yake inaweza kuwa ya kutetemeka. Mwaka 2018 kanuni za mitetemeko nazo zikarekebishwa, na hapo ubishi ukapamba moto.

Kiini chake ni mtetemeko wa kawaida wa mikono yote miwili unaojitokeza mtu anapofanya kazi au anaponyoosha mikono, usio wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaofanya mwendo kuwa mzito na mara nyingi mkono kutetemeka) wala wa sababu nyingine inayojulikana. Nitauita mtetemeko asilia. Kanuni za 2018 zinataka uwe umedumu angalau miaka 3 kabla ya kupewa jina hilo. Tena zinaongeza kundi la pembeni: mwenye mtetemeko asilia na vidalili vidogo visivyo na uhakika, kama vile kidole kinachoonekana kujipinda kidogo, huwekwa kwenye kundi la “mtetemeko asilia na ziada”. Kwa maneno mengine, distonia ya wazi inamtoa mtu kwenye mtetemeko asilia, lakini distonia ya kushukiwa inambakiza humohumo, kwa alama ya ziada.

Wanaotetea mgawanyo huu wana hoja nzito. Mtetemeko wa distonia una tabia zake. Hauna mapigo sawasawa. Hurukaruka, huelemea upande mmoja, hubadilika kwa mkao, na una sehemu ya utulivu kama ile ya shingo iliyogeuzwa kushoto. Ukiuchanganya na mtetemeko asilia, unaharibu utafiti wa magonjwa yote mawili, kwa kuwa watu wanaokusanywa kwa ajili ya vipimo vya kurithi au majaribio ya dawa hawafanani. Ushahidi wa makosa upo pia. Mwaka 2006 watafiti wa New York walipitia wagonjwa 71 waliokuja na jina la mtetemeko asilia, wakakuta 26 kati yao hawakuwa nao. Baadhi walikuwa na Parkinson, wengine distonia.

Makosa ya upande wa Parkinson ndiyo yanayonigusa zaidi. Katika majaribio ya dawa za Parkinson, kila mara walijitokeza washiriki ambao picha za ubongo zilionyesha mfumo wao wa dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua katika Parkinson, uko salama, kinyume na jina walilopewa. Mwaka 2007 timu moja ya London ilieleza kundi la wagonjwa wa aina hiyo: mkono mmoja unatetemeka hata ukipumzika, hauyumbi sana wakati wa kutembea, uso hauna uchangamfu mwingi. Picha nzima ya Parkinson, lakini dalili za distonia zilikuwepo kwa anayezitafuta. Mtu wa namna hiyo anaweza kumeza levodopa, dawa ya Parkinson, kwa miaka bila kufaidika, na kuishi miaka hiyo akisubiri ugonjwa ambao hana.

Upande wa pili unasema mpaka huu umechorwa kwenye mchanga. Katika mradi mkubwa wa kimataifa wa wagonjwa wa distonia, zaidi ya watu 2,300 waliangaliwa na nusu ushei walikuwa na mtetemeko. Lakini kiwango hicho kilibadilika sana kutoka kituo hadi kituo. Wagonjwa wa distonia wa mji mmoja hawatetemeki mno kuliko wa mji mwingine. Wanaowaangalia ndio wanaotofautiana kuhusu kipi waite mtetemeko na kipi waite mshtuko wa msuli. Hali ni mbaya zaidi kwenye vidalili vidogo. Wape wataalamu kadhaa video ileile ya mkono ulionyooshwa, na mmoja ataona distonia, mwenzake ataona vidole vya kawaida kabisa. Watu wenye afya nzuri nao huwa na vidole vinavyokunjika hivyo.

Tena kuna wanaosimama katikati kabisa. Tangu mwaka 1979 madaktari wamekuwa wakieleza watu ambao mkono unatetemeka wakati wa kuandika tu. Ukiwapa kijiko, wanatulia. Ukiwapa kalamu, wanatetemeka. Kufungamana na kazi moja ni tabia ya distonia, kama ile ya mwandishi ambaye vidole humkakamaa akishika kalamu. Ila hawa hawakakamai. Hadi leo hawana kundi linalowakubali bila mabishano.

Elimu ya ubongo haijaamua kesi. Zamani distonia ilihusishwa na viini vya ndani kabisa ya ubongo vinavyopanga mwendo, na mtetemeko asilia ukahusishwa na ubongo mdogo wa kisogoni. Siku hizi ubongo mdogo unahusishwa na distonia pia. Wapasuaji wanaoingiza nyaya za umeme ubongoni hulenga sehemu mbili tofauti za ndani ya ubongo: thalamasi kwa mtetemeko na globasi palidasi kwa distonia. Mwenye vyote viwili huwalazimisha kuchagua, na si mara chache thalamasi inapotuliza mtetemeko huku mkao uliopinda ukibaki vilevile.

Hoja ambayo wagawanyaji huitegemea sana ni kwamba majina tofauti huleta tiba tofauti. Kwa sehemu ni kweli. Propranololi na primidoni ni dawa za mtetemeko asilia na mara nyingi hazifui dafu kwenye mtetemeko wa distonia. Sindano za sumu ya botulinamu, ambayo hulegeza misuli, ndizo tegemeo la distonia ya shingo. Huko New Delhi, jaribio dogo la watu 30 lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha kwamba sindano hizo hupunguza mtetemeko wa distonia wa mkono pia. Lakini mwaka 2023 jaribio la Ufaransa liliwachukua watu 117 wenye mtetemeko wa kichwa usio na dalili za distonia, wakapewa botulinamu au dawa bandia. Wiki ya 18, asilimia 31 ya waliopata botulinamu walikuwa wamepata nafuu iliyokusudiwa, dhidi ya asilimia 9 ya wenzao. Kufikia wiki ya 24 tofauti hiyo ilikuwa imetoweka, na karibu nusu ya waliopata botulinamu walipata madhara kama maumivu ya shingo. Hata hivyo, dawa ya distonia ilifanya kazi pasipo na distonia. Kwa hiyo kupona kwa sindano hakuthibitishi kwamba jina lilikuwa sahihi.

Nikizipima pande hizi, naona wagawanyaji wako sahihi kuhusu kutafuta na wamezidisha kuhusu kuandika. Distonia itafutwe kwa kila anayetetemeka, kwa makini, bila haraka. Lakini jina lake lisipandishwe kwenye faili kwa sababu ya kidole kimoja chenye shaka. Kama madaktari wawili wanaotazama shingo ileile hawaoni jambo moja, waandike walichokiona: kiungo gani, kinaelekea upande gani, kinatulia katika mkao upi, kikiguswa kinafanyaje. Maelezo hayo yatamfaa mgonjwa hata kanuni zikibadilishwa tena, na zitabadilishwa.

Kwa Afrika Mashariki msimamo huu una uzito wa pekee. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba wengi wa wenye Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa huo. Madaktari wa neva ni wachache, picha ya dopamini haipo kwa wengi, na botulinamu ni ghali na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Kinachobaki ni macho, subira, na simu ya kurekodi video ili daktari wa hospitali ya rufaa aone mwenyewe.

Kinachobaki pia ni kuuliza dawa. Haloperidoli ya magonjwa ya akili, na hata metoklopramidi inayotolewa kwa kichefuchefu, zinaweza kuleta distonia na kutetemeka kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Valproati ya kifafa huleta kutetemeka. Kijana mwenye vyote viwili apimwe ugonjwa wa Wilson, ambapo shaba hujikusanya kwenye ini na ubongo, kwa sababu unatibika ukiwahiwa. Mtoto ambaye miguu humpinda zaidi jioni kuliko asubuhi ajaribiwe levodopa kidogo. Wapo wanaoinuka na kutembea. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ambayo nayo huleta kutetemeka, isisahaulike. Mambo haya hayahitaji ubishi wa majina uishe kwanza, na ndiyo maana inaumiza kuona jina “Parkinson” likiandikwa siku ya kwanza na mlango wa maswali kufungwa.

Benzheksoli, dawa ya vidonge ya distonia, ipewe nafasi kwa vijana wenye distonia ya wazi. Kwa wazee iogopwe: huwachanganya akili na kuwazuia mkojo. Propranololi isipewe mwenye pumu. Na kwa yule ambaye mikono imeanza kutetemeka miezi sita tu iliyopita, miaka 3 ya kanuni haijafika: aandikiwe “mtetemeko wa mikono, chanzo bado”, apewe tarehe ya kurudi, na anayempokea siku hiyo aanze kwa kuangalia shingo, kisha sauti, kisha ampe kalamu.