Naongea, mashine haisikii
Jamani hii ya kuweka ruti ya ndege kwa sauti imenichosha. Jana niko Tabora, injini inaunguruma, nataka kwenda Kigoma tu, nabonyeza kitufe naongea taratibu kabisa, Hotel Tango Kilo Alfa, yaani HTKA, msimbo wa uwanja wa Kigoma, kifaa chenyewe kinaandika HTTB, sasa HTTB si ndiyo Tabora, hapa hapa nilipo! Narudia mara nne, wapi. Nikashika kinobu nikazungusha herufi moja moja, jasho linatiririka, abiria nyuma wananichungulia. Waongoza ndege naongea nao kila siku kwa lafudhi yangu hii hii ya Kiha na wananielewa vizuri tu. Wanaotengeneza hivi vitu waje wavijaribu huku, kwenye joto na kelele za propela, maana herufi moja ikikosewa unaelekezwa kwingine kabisa.