Kuhamisha elektroni moja: polepole au haraka?

Nukta mbili za kwantamu, yaani vijumba vidogo vinavyonasa elektroni, zimekaa ubavu kwa ubavu ndani ya silikoni, kila moja na upana wa makumi ya nanomita. Ukibadilisha volteji za geti (vipande vya chuma) zilizo juu yake, elektroni ya kushoto huvutwa kwenda kulia. Ubishi uko kwenye mwendo wa kuivuta.

Wanaotaka polepole wana fomula ya wanafizikia Landau na Zener ya 1932. Ngazi mbili za nishati, moja ya kila nukta, zinapokaribiana, hubaki pengo kati yake; elektroni ikiharakishwa hukwama kwenye ngazi ya juu, yaani haihami. Tuseme pengo ni mikro-elektronivolti 20 (kipimo kidogo sana cha nishati), na tofauti ya nishati kati ya nukta inavutwa kwa jumla ya mikro-elektronivolti 2,000. Kwa nanosekunde 2, uwezekano wa kukwama ni asilimia 38 hivi. Kwa nanosekunde 10, asilimia 0.8. Kwa 20, mara 7 katika 100,000. Basi ongeza muda, kazi kwisha?

Fomula hiyo haijui habari za mazingira. Jokofu linalopoza kifaa linaweza kusoma milikelvini 20 (elfu 20 za kelvini, karibu na sifuri halisi ya joto) huku elektroni zenyewe ziko 100, kwa kuwa joto na kelele za umeme hushuka na nyaya. Kwenye milikelvini 100, nishati ya joto ni mikro-elektronivolti 8.6; elektroni ikizubaa penye pengo jembamba, uwezekano wa kuikuta juu huelekea asilimia 9. Ongeza chaji zinazorukaruka kwenye kasoro za oksidi chini ya geti. Hata mtikisiko wa jokofu husugua nyaya zikazalisha chaji.

Lakini mazingira hayo hayo huokoa pia. Ngazi zikishaachana, elektroni iliyokwama inaweza kuitupa nishati yake kwenye mitetemo ya fuwele, yaani fononi, ikashuka. Kwenye galiamu asenaidi, nyenzo nyingine ya nukta hizi, msaada huu una nguvu kuliko kwenye silikoni, ambayo haina umeme wa mgandamizo (umeme unaozaliwa fuwele ikibanwa). Tatizo, elektroni hiyo hufika kwa wakati usiotabirika. Kwa kuhamisha chaji tu, si neno. Ikiwa imebeba taarifa kwenye spini (sumaku yake ndogo ya ndani), awamu, yaani mpangilio wa mawimbi unaoshika taarifa hiyo, imeshavurugika.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mwendo, panua pengo kwa geti ya kizuizi, ile iliyo kati ya nukta mbili. Likifika mikro-elektronivolti 40, kukwama kwa nanosekunde 10 hushuka chini ya mara moja katika milioni 100, na ile asilimia 9 huwa 1 hivi. Ila geti hiyo husogeza ngazi za nukta zote mbili, kwa hiyo kila ukiigusa, sawazisha upya geti za pembeni kabla ya kupima.