Mwombaji ana kipara
Mwaka ule naomba mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo nilikuwa najiona mjanja balaa. Cheti cha kuzaliwa nshahakiki mapema RITA, wale wa kusajili vizazi, namba ya mtihani ya fomu foo naijua kichwani, 30,000 ya maombi nshalipa kwa kontrol namba. Wenzangu wanahangaika, cheti kinasema Mwajuma matokeo yanasema Mwanajuma, mi nimekaa kibarazani natafuna miwa. Kilichobaki mdhamini tu.

Nkamchukua mjomba. Sasa huyu mjomba, ana miaka 58 na kipara, mimi wiki ile nlikuwa nimenyoa kipara kwa sababu ya joto, na ukoo wetu wote tuna paji moja la uso, kama tumefyatuliwa kwenye kalibu ya matofali.

Tukaenda kupiga paspoti. Studio ile ina koti moja tu, jeusi, limetundikwa msumarini, na tai nyekundu ambayo sidhani kama ishawahi kufunguliwa, unaipitisha kichwani kama kamba ya ng'ombe. Kola ina poda za mtaa mzima. Mgongoni wanalibana na vibanio vya kuanikia nguo ili likukae. Mjomba akavaa koti juu, chini kikoi, akanuna kama waziri, paa. Akavua, nkavaa mimi koti lilelile, bado la moto, paa.

Steshenari foleni mpaka nje, watu wote wa Bodi, na mtandao unazunguka tu. Kijana wa pale kazisevu picha zetu "picha1" na "picha2", ananiuliza "ipi yako?" mi huku nagombana na mtu aliyenikata foleni, nkamjibu "ya kwanza" bila hata kugeuza shingo. Akapakia, akaprinti, wino wenyewe wa kuomboleza, tumetoka weusi wote wawili, koti, tai, kipara.

Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Huyu anatufahamu tangu nazaliwa, kagonga!

Tukaingia kwa wakili. Akavaa miwani, akaangalia fomu, akaniangalia, akarudi kwenye fomu.

"Mwombaji ni nani?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Umezaliwa lini?"

"2002."

Kimya. "Hiyo fomu siksi ilikuwa ngumu sana eti?"

Nkachungulia. Yalaa! Kwenye boksi la mwombaji yuko mjomba, mikunjo yote, amenuna. Kwenye mdhamini niko mimi, natabasamu kabisa, namdhamini mjomba wangu akasome. Na mzee badala ya kunionea huruma akavuta fomu, akaishika mbali mbali kama wazee wanavosoma, akasema, "Ila mpwa, nimetoka vizuri." Wakili akaweka muhuri pembeni akacheka mpaka karani akaja kuangalia kuna nini.

Bahati nilikuwa bado sijabonyeza sabmiti. Nkarudi steshenari kubadilisha picha, kuprinti upya, halafu saini zote zinaanza moja. Mwenyekiti nlivomrudia akasema aliiona ile picha, ila alidhani nimezeeka kwa mawazo ya chuo, akaona aibu kuniuliza. Kwa wakili sasa ndo usiseme, nlikuta kashamhadithia kila mtu kwenye foleni, naingia tu mama mmoja ananiambia "shikamoo" huku anaficha mdomo kwa khanga.

Mkopo nlipata, na bumu, yaani ile hela ya kujikimu chuoni. Fomu ya kwanza mjomba alikataa nisiichane, ameiweka kwenye bahasha pamoja na hati ya kiwanja, na mpaka leo akinipigia simu hata salamu hasubiri, anauliza tu:

"Bumu letu limeshaingia?"