Pendanti iliyoning'inia pabaya

Ujumbe wa sauti wa shosti yangu nimeusikia, asanteni nyote mlionitumia. Eti nilimkumbatia bosi nikagoma kumwachia. Mzushi mkubwa yule! Sikilizeni kwa mhusika mwenyewe.

Tuko mapumziko ya kikao, jamaa mmoja akaisifia pendanti yangu, ile yenye umbo la kopa kwenye mkufu mrefu. Akaongeza kwamba jina lake limetokana na kupenda. Mimi na kimbelembele changu ningenyamaza vipi? Nikasimama. Nikawaambia asili yake ni Kilatini, pendere, kuning'inia. Likapita kwa Wafaransa, Waingereza wakalidaka, nasi tukalipokea. Tena Waroma walipima vitu kwa kuvining'iniza kwenye mizani, na malipo nayo yalipimwa hivyo hivyo, ndiyo maana pensheni ni ukoo mmoja na pendanti.

Kusikia pensheni, bosi akasogeza kiti. Nami nikainama mezani nimwonyeshe kuning'inia kwenyewe.

Ikaning'inia kweli. Ikabembea kushoto, ikabembea kulia, ikatua kifuani kwake, na kile kipete cha juu kikazama kwenye sweta. Nikajiinua, shingo ikagoma. Nikavuta taratibu, uzi ukafuata. Nikavuta tena, ukaja mrefu zaidi. Pua yangu sasa inakaribia kidevu chake, naona mpaka pale alipojikata akinyoa. Chumba kizima kimya. (Mlionyamaza siku ile nawajua, zamu yenu inakuja.) Jasho likanichuruzika, tone moja likamwangukia kwenye kola. Hakujifuta. Akaninong'oneza, "Usivute. Hii sweta kanifumia mama."

Nikatulia pale pale, mgongo umepinda, mkono mmoja nimejishikiza mezani, mwingine sijui niuweke wapi. Nikaubandika begani kwake. Ndiyo hiyo picha mnayosema nimemkumbatia, msiikuze!

Bosi akakohoa. "Na hiyo pensheni yako nayo inaning'inia hivi hivi?"

Watu wakaangua kicheko, hadi mwandishi wa kumbukumbu kaegemea ukuta.

Mkasi ukaletwa, mkufu ukakatwa, kikao kikaendelea. Bosi kaisoma bajeti yote na kopa langu kifuani.

Mnaouliza kama nilirudishiwa: nilirudishiwa, ndani ya bahasha ya ofisi, juu imegongwa muhuri wa SIRI.