Ile video ya khanga, ngoja niieleze mwenyewe

Haya, kwa kuwa Sudi ameshairusha ile video yangu nimejifunga khanga kando ya barabara kwenye magrupu yote mpaka lile la misiba, na tangu asubuhi napigiwa simu na watu wa Muheza ambao sijui hata namba yangu wameitoa wapi, naomba na mimi niseme ya kwangu. Kwanza sikuwa nimelewa. Pili, khanga si yangu.

Mnalijua lile trela langu la kulala, lenye vitanda na jiko na choo humo humo, nililonunua kwa yule mzee mstaafu nikawachosha kwa picha mwezi mzima. Ndo hilo. Wikiendi hii tulikuwa tunatoka Houston kwenda Inks Lake, kule karibu na Burnet, maana mama mkwe yuko huku Texas ametoka Tanga na mi nikataka aone binti yake hakupotea njia. Sasa mtu anayetaka kumwonesha mama mkwe mambo hapakii kwa akili. Niliweka jenereta, gunia la mchele, mkaa, masufuria mawili yale ya shughuli, madeli ya barafu, halafu nikajaza na tangi la maji, lita 150, yaani kilo 150 za maji ya bomba nayabeba kuyapeleka kambi ambayo unapewa bomba lako pale pale unapopaki. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, nikamjibu, akanyamaza. Angeuliza mara mbili leo nisingekuwa hapa naandika.

Tukashika barabara kuu ya 290. Nimevaa msuli, ile shuka ya kujifunga kiunoni, kwa sababu safari ndefu na suruali wapi na wapi, watu wa pwani mnanielewa, wengine kaeni kimya. Taarabu inalia taratibu. Tumepita Brenham, jamaa mmoja wa pikapu akanipita anapiga honi pi pi piii ananinyooshea kidole. Nikampungia. Akaja mama wa kizungu, naye honi, katoa mkono dirishani anauzungusha. Nikampungia na tabasamu juu. Nikamwambia mama, unaona mama, watu wa huku wakarimu, wamelipenda trela. Akasema "Mashallah." Sudi alikuwa nyuma yetu na familia yake anapiga simu, mi namkatia, nikajua anataka kusimama tena kukojoa, kibofu chake mnakijua. Simu tisa! Baadaye mama mkwe kwa ile sauti yake ya upole akauliza, "Baba Zuhura, huku nako watu wanachoma mipira?"

Nikamwambia hapana mama, hiyo ni harufu ya lami mpya.

PAA.

Trela likalala kulia. Nikalivuta mpaka pembeni ya barabara roho mkononi, nikashuka, tairi la nyuma limebaki nyuzi. Kumbe tairi halina kosa. Haya matrela yana ekseli mbili, na kila upande springi ya mbele na ya nyuma zinakutana kwenye chuma kimoja katikati kinachocheza kama bembea ili zigawane mzigo. Springi zimeshikiliwa pale na vyuma vifupi vya bolti, saizi ya kidole. Kimoja kimekatika, bodi ikashuka ikalikalia tairi, na tairi limesagwa hivyo kwa maili sijui ngapi huku mimi napungia watu.

Basi. Mabwana na mabibi, hapa ndo penyewe.

Familia zote mbili nimezipanga kwenye majani upande wa kulia, mbali na magari, kwa usalama. Na tairi lililopasuka ni la kulia. Kwa hiyo nimejipangia watazamaji mwenyewe. Mama mkwe yuko mbele kabisa, kafungua mwavuli, kakalia deli la barafu. Sudi anapampu jeki, bodi inapanda, mi nimechuchumaa pembeni ya gurudumu nachungulia springi kama vile nazijua. Nikasema hapo hapo, shusha kidogo nione inavyokaa. Akashusha. Nikahisi kitu kinanivuta kiunoni, taratibu, kama mtoto anayetaka hela ya ubuyu. Nikageuka. Hakuna mtoto. Pindo la msuli limeingia kati ya springi na chesisi, na jeki bado inashuka.

Nikapiga kelele, "Pandisha! Sudi pandisha!"

Sudi ananiangalia, anaangalia msuli, anasema, "Si upandishe mwenyewe mzee, mi nimeshika jeki!"

Wadau, msuli hauna mkanda. Msuli ni imani tu. Nikashika fundo kwa mikono miwili, springi inavuta huku, mi navuta huku, lori la magurudumu kumi na nane likapita, upepo ukaingia kwa chini, na lile fundo nililolifunga Houston kwa madaha likafunguka tabaka moja baada ya jingine kama mtu anamenya kitunguu. Nikabaki nimesimama kando ya barabara kuu ya Texas na boksa ya matikitimaji niliyonunuliwa na mwanangu siku ya baba. Kimyaaa. Hata watoto hawakucheka, ndo nikajua ni kubwa. Aliyetikisika ni Sudi peke yake, na alikuwa anatikisika kwa sababu kaacha jeki anatafuta simu.

Mama mkwe hakusema neno. Alinyanyuka, akageuza uso kule porini, akaanza kuja kinyumenyume, hatua fupi fupi, mwavuli mkono mmoja, mkono mwingine kaunyoosha nyuma umeshika khanga. Anapapasa hewa, "Mkwe, uko wapi? Mkwe?" Na mi siwezi kujibu, sauti imegoma. Mpaka khanga ikanigusa kifuani.

Fundi akaja, akanikuta hivyo hivyo, akasema busha za plastiki, vile vibomba bolti zinamopita, ziliisha zamani, bolti zikawa zinakula chuma mpaka matundu yamekuwa kama mayai. Akafunga busha za shaba na bolti za kupigwa grisi, akafungulia yale maji nikiwa natazama. Bei msiniulize. Tumefika usiku, tumekula mkate.

Na nyie mnaozoom kusoma jina la khanga pale nyuma wakati naongea na fundi, ndiyo, mmesoma sawa, imeandikwa MFICHA UCHI HAZAI.

Leo nimeifua, nimeipiga pasi, nimempelekea mama kwa mikono miwili. Kaitazama, kanirudishia.

"Kaa nayo, baba. Si tunarudi na trela lile lile?"