Ubani wa Saa Tisa Usiku

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mzaliwa wa Pangani na biashara yake ni magari ya mtumba. Tulikuwa Osaka, Japani, kwa kazi hiyo: yeye kukagua vyuma kabla havijapakiwa melini kwenda Dar, mimi kumzuia asinunue kila Noah inayopita mbele yake. Mnada ulipofungwa mwisho wa wiki, nikamshawishi twende Kyoto, nusu saa tu kwa treni, tukalale kwenye machiya. Hizo ni nyumba za mbao za wafanyabiashara na mafundi wa zamani, mbele duka, nyuma makazi. Siku hizi nyingi zimekarabatiwa, wageni wanazikodi kwa usiku. Tukigawana, bei ilikuwa chini ya hoteli. Hapo ndipo shemeji alipolainika.

Yetu ilikuwa Nishijin, mtaa wa wafumaji wa hariri. Ukiitazama kwa nje unaona kijumba cha mlango mmoja, hata huamini kama kuna watu wanaishi humo. Ukiingia inakwenda, inakwenda, chumba baada ya chumba, katikati kiua chenye mawe na kamti kamoja, halafu bafu na choo kule mwisho kabisa. Wenyewe husimulia kwamba zamani kodi ilipigwa kwa upana wa mbele, ndiyo maana watu wakajenga kwenda nyuma.

"Wajanja hawa," shemeji akasema. "TRA wasije wakasikia."

Kuvua viatu mlangoni hakukutusumbua, tumelelewa hivyo. Mikeka minene imetandikwa ukuta kwa ukuta, magodoro unayatandika chini usiku na kuyakunja asubuhi, sawasawa. Tatizo lilikuwa vizingiti vya juu. Shemeji ni mtu wa kubadilisha balbu bila kupanda kiti, na nyumba ile ilijengwa kwa watu wa kimo kingine. Kila alipohama chumba nilisikia "ngo!" halafu "Bismillahi". Kuna na ndala za chooni, ambazo hazitakiwi kuvuka mlango wa choo. Yeye alikuja nazo mpaka sebuleni, akakaa nazo akinywa chai.

Jikoni ndiko alikotia shaka. Juu ya jiko palibandikwa karatasi nyembamba yenye maandishi.

"Shem, hiyo nini?"

Nikamwambia imetoka kwenye hekalu la Atago, juu mlimani. Watu wa Kyoto wanaibandika jikoni kuzuia moto.

"Sema hirizi." Akaitazama muda mrefu. "Mtu haweki hirizi bure. Nyumba hii ina mambo."

Pembeni ya hirizi palikuwa na kidude cha umeme cha kuongoza maji ya moto, vitufe vyote vya Kijapani. Kitabu cha maelekezo kilikuwapo mezani, chenye picha. Shemeji hasomi vitabu vya maelekezo, anasema mtu aliyefungua injini ya Scania hawezi kushindwa na maji ya kuoga. Akabonyeza kimoja baada ya kingine mpaka maji yakaja moto. Akaoga, akavaa lile vazi la pamba walilotuwekea, tukalala.

Saa tisa usiku akanigusa.

"Shem, umelala?"

"Nimelala."

"Kuna mtu anaoga."

Nikatega sikio. Kweli, kule mwisho wa nyumba maji yalikuwa yanamiminika. Wote wawili tupo kitandani, mlango tumefunga. Maji yakakoma. Kikapigwa kijimuziki chembamba kama cha wale wauza aiskrimu wa baiskeli, na baada ya muziki sauti ya mwanamke ikasema maneno machache, taratibu, kwa upole.

"Mwanamke," shemeji akanong'ona. "Na ana adabu. Wenye adabu ndio wabaya."

Nikajitoa mhanga. Nikapapasa ukuta kupita kiuani hadi bafuni, nikawasha taa. Hapakuwa na mtu. Hodhi limejaa pomoni, mvuke unafuka, na kwenye kidude cha ukutani inang'aa namba 42. Nikaelewa. Katika kubonyezabonyeza kwake, fundi wetu wa Scania alikuwa ameuwekea mtambo saa ya kujaza maji, nao ukatii. Muziki na yule bibi ni taarifa tu: maji tayari, karibuni.

Nikarudi nikicheka, nimpe habari. Nikakuta moshi.

Kumbe shemeji hasafiri bila ubani. Alikuwa amewasha gesi, akaweka kikaango kitupu, akatupia ubani wa kufukiza nyumba ya watu kumi na mbili, na amesimama juu yake anasoma. Moshi unapanda moja kwa moja kwenye ile karatasi ya kuzuia moto.

"Shemeji, zima! Ni mashine ya—"

Sikumaliza. Kifaa cheupe kilichokuwa darini kikapiga mlio wa kupasua masikio, halafu nacho kikaanza kusema. Sauti ya mwanamke mwingine.

"Wamekuwa wawili!" Akaongeza ubani.

Sasa, mji ule moto umeutafuna mara nyingi. Moto wa 1788 uliteketeza sehemu kubwa ya Kyoto, 1864 ikaungua tena vibaya. Nyumba ni za mbao na zimebanana kuta kwa kuta. Kwa hiyo mpaka leo utaona mbele ya milango mingi ndoo nyekundu zimejaa maji. Mchana shemeji alizisifu, akidhani ni za kutawadhia.

Mlango ukagongwa kwa ngumi. Nikafungua. Bibi wa nyumba ya jirani, mfupi, nywele nyeupe, na ndoo nyekundu mkononi. Moshi unatoka nje na kumpiga usoni, king'ora kinalia, na yule bibi akasimama, akavua kandambili zake, akainama akazipanga vizuri vidole vikitazama nje, ndipo akakimbia ndani. Akafika jikoni, akamwaga ndoo nzima. Nusu ikapata kikaango, nusu ikampata shemeji tumboni.

Ikawa kimya, ila kikaango kinachochemka. Bibi akatazama ile karatasi ya Atago. Akamtazama shemeji, juu mpaka chini. Macho yakakwama kifuani. Akashtuka kuliko alivyoshtuka kwa moshi.

Lile vazi, upande wa kushoto ndio unaokaa juu ya wa kulia. Ukigeuza, ndivyo wanavyovishwa maiti. Shemeji alikuwa amegeuza.

Bibi hakujua lugha yetu wala sisi yake. Akamwonyesha shemeji kidole, akafumba macho, akakunja mikono kifuani, akalaza kichwa nyuma.

"Shem," sauti ya shemeji ilikuwa imekauka, "huyu mama ananiambia nakufa."

Bibi akaona maneno hayasaidii. Akamshika ukosi, akafungua mkanda. Shemeji akapiga yowe la kulinda heshima yake, kumbe ndani ana kikoi. Akavikwa upya kama mtoto wa chekechea, kushoto juu ya kulia, mkanda ukakazwa mpaka akakohoa. Kisha bibi akachukua ufagio, akabonyeza kile kifaa cha darini kikanyamaza. Akainama kuaga. Nikainama. Shemeji naye akainama, akainuka kwa nguvu. Ngo!

Tulipomaliza kudeki, nikamweleza habari ya mtambo, tangu kitufe hadi muziki. Akasema ameelewa. Akasema pia kwamba yeye atakaa jikoni, taa ikiwaka, mpaka kuche.

Mimi nikaona maji ya nyuzi 42 yasipotee bure. Nikajisugua kwanza pembeni, kama inavyotakiwa, nikazama mpaka shingoni. Pale ukutani, usawa wa mkono wangu, palikuwa na kitufe ambacho nilikisoma habari zake kitabuni: aliye bafuni akitaka kuita mtu, anakibonyeza, na kule jikoni kinalia.

Nikakibonyeza.

Nikasikia kiti kinaanguka, "ngo!" mbili mfululizo, na mlango wa mbele ukifunguliwa.

Bibi wa jirani naye alikuwa bado hajalala.